Damu Haina Mkosaji: Mazungumzo na Watu wa Tanga juu ya Asili ya Binadamu

Hotuba hii niliitoa Ngamiani, Tanga, mbele ya wazazi, walimu wenzangu na vijana waliomaliza shule. Wengi waliokosa kufika wameniomba maneno yenyewe. Nayaweka hapa kama nilivyoyasema; picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nilipokuwa naingia ukumbini, mzee wangu mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, umekuja kutuambia tumetokana na nyani?" Nikamwambia, "Baba, kaa mbele, nitakujibu wewe kwanza." Basi namjibu. Hapana, baba. Wewe na mtoto wa ami yako, yupi katoka kwa mwenzie? Hakuna. Mmetoka kwa babu mmoja. Sisi na sokwe ndivyo biolojia inavyotuweka: wahenga wamoja, yapata miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, kisha koo zikaachana na kila ukoo ukashika njia yake. Nani kaumba na kwa kusudi gani, hilo lina wenyewe humu ndani. Mashehe wapo, na mchungaji namwona pale, nami siwaingilii kazi yao. Mimi nimefundisha biolojia miaka 31. Ninachokijua ni njia tuliyopita, na nyayo zake zimo humuhumu nchini mwetu. Kule Laetoli, karibu na Ngorongoro, mwaka 1978, watu wa mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Wima kabisa, kama mimi nilivyosimama mbele yenu.

Sasa sikilizeni kilichonileta. Mitaani tuna msemo: dunia ni mwenye nguvu mpishe. Na watu wanaamini sayansi ndiyo iliyosema hivyo. Nimemsikia mtu akidhulumu shamba la mjane akasema ndivyo asili ilivyo. Nimemsikia mume akitetea ngumi zake kwa maneno hayohayo. Asili! Kila mwenye ubaya wake anaubandika jina la asili. Leo nataka tuitazame asili yenyewe, tuone kama kweli iliwahi kusema hivyo.

Naanza nyumbani kwetu.

Dada yangu wa tumbo moja aliolewa, akapata mtoto wa kwanza, mzima wa afya. Wa pili, wa kike, alipofika miezi minane vidole vikavimba. Vya mikono na vya miguu, vimejaa, vinang'aa, mtoto hashikiki. Ukimgusa analia, ukimwacha analia. Macho yakawa manjano. Walimpeleka hospitali moja wakaambiwa malaria, wakapewa dawa, wakarudi. Wakampeleka kwa mganga. Akanywishwa kombe, akafungwa hirizi. Kabla hajatimiza miaka miwili alikuwa ameongezwa damu mara tatu. Siku walipopima kwa makini na kuambiwa mtoto ana selimundu, mama mkwe wa dada yangu alitamka maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Kwetu hakuna damu hiyo. Umekuja nayo wewe."

Miezi minne baadaye dada alirudi nyumbani. Begi moja, ndoo ya plastiki, na mtoto mgongoni.

Nawauliza, nani alikosea pale?

Twende taratibu, maana hapa pana uhai wa watu. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila kinasaba, yaani agizo la mwili tunalolirithi, moja ya baba, moja ya mama. Kinasaba cha selimundu ukikirithi upande mmoja tu, unaishi maisha yako yote wala hujui. Ukikirithi pande zote mbili, seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, ndiyo yale maumivu ya mifupa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Kila mimba, si kila mtoto wa nne. Maana yake nini? Maana yake baba wa yule mtoto alikuwa nacho pia. Asingekuwa nacho, binti asingeumwa vile. Na yeye alikipata wapi? Kwa baba yake au kwa mama yake. Kwa hiyo mama yule aliyesema "kwetu hakuna damu hiyo", damu hiyo ilikuwamo nyumbani mwake siku zote, imekaa mezani, inakula naye.

Na kwa nini ipo nyingi hivyo? Hapa ndipo penye ajabu yenyewe. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kitu kinachoua watoto namna hiyo kingetakiwa kiwe kimekwisha zamani, maana wanaokufa wadogo hawaachi uzao. Kwa nini hakikwisha?

Daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alijiuliza swali hilo. Alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, akakuta pwani na kando ya Ziwa Viktoria wabebaji ni wengi, zaidi ya 20 katika kila watu 100. Akipanda nyanda za juu zenye baridi na ukavu, hata mmoja katika 100 ni shida kumpata. Pwani wengi, milimani wachache. Vijana, kitu gani kiko pwani na kando ya ziwa, na milimani hakipo?

Naam. Mbu. Malaria.

Mwaka 1954 Allison alichapisha ushahidi wake. Mtu mwenye nakala moja ya selimundu, kimelea cha malaria kikiingia katika seli yake nyekundu, seli hiyo inaharibika mapema na bandama inaiondoa pamoja na mgeni wake. Mtoto anaugua, lakini si kwa ule ukali unaoua. Sasa fikirieni pwani hii yetu, tangu Moa mpaka Pangani, miaka elfu na elfu kabla ya dawa, kabla ya chandarua. Homa ikipita kijijini, nani wanabaki? Wanabaki wengi waliobeba nakala moja. Wanakua, wanaoa, wanazaa. Na katika uzao wao, mara mojamoja, anatokea aliyepata nakala mbili.

Ukimwona mtoto wa selimundu anajinyonga kwa maumivu, umemwona mtu anayelipia uhai wa babu zake na wangu. Deni ni letu sote, analipa yeye. Na sisi tunamwita mkosi! Mama yake tunamrudisha kwao!

Damu haina mkosaji. Nitasema tena. Damu haina mkosaji.

Waoneni basi "wenye nguvu" wenyewe. Huko milimani Lushoto nakala hiyo moja haikufai kitu. Hapa bondeni inakuokoa. Hiki tunachokiita uteuzi wa asili hakiulizi nani mwenye misuli. Kinauliza nani, mahali hapa, katika hali hii, ataacha watoto watakaoishi. Mahali pakibadilika, jibu linabadilika. Charles Darwin alipotoa kitabu chake mwaka 1859 hakujua hata kinasaba ni nini, lakini hilo alikuwa ameshaliona.

Haya, tutoke kwenye damu twende kwenye undugu. Mnamkumbuka yule samaki aliyeanza kunaswa nchini kwetu mwaka 2003, silikanti, ambaye serikali ilimtengea hifadhi mwaka 2009? Wanasayansi walikuwa wanamjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakidhani alikwisha enzi za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Yule samaki, mkimpanga kwenye ukoo, yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na changu. Mapezi yake yana mifupa ndani kwa mpango unaofanana na wa mkono wako. Nalisema hili kwa haraka, ila wavuvi mliomo humu, siku mkikutana naye tena mrudisheni majini kwa heshima. Ni jamaa.

Sasa swali zito. Kama kila kiumbe kinahangaikia uzao wake, wema umetoka wapi?

Tanga tuna kisa chetu. Novemba 1914 jeshi la Waingereza, askari wapatao 8,000 waliotoka India, lilishuka pwani hapa kuja kuutwaa mji. Wajerumani na askari wao walikuwa wapatao 1,000. Wakapigana kwenye mashamba na vichaka. Mizinga ya nyuki ilikuwa juu ya miti, kelele na risasi zikawachokoza, wakashuka. Hawakuuliza nani wa Mfalme nani wa Kaiza. Walimchoma kila aliyekuwa chini. Waingereza walishindwa, wakarudi melini, na mpaka leo vitabu vya historia vinaviita vita vile vita vya nyuki.

Wengi mnalijua hilo. Nawauliza lisiloulizwa: nyuki akimchoma mtu, mwiba wake una vijino, hautoki, unabaki na sehemu ya matumbo yake. Anakufa. Kila nyuki aliyemchoma askari siku ile alikufa. Kwa nini afe? Yeye hana hata mtoto. Nyuki vibarua hawazai, malkia ndiye anayezaa.

Mwingereza mmoja, William Hamilton, mwaka 1964 aliandika hesabu ya jambo hili. Mtoto wako ana nusu ya vinasaba vyako. Ndugu yako wa baba na mama mmoja, nusu pia. Mjukuu, robo. Binamu, sehemu moja kati ya nane. Kwa hiyo tabia ya kujitoa kwa ajili ya jamaa inaweza kuendelea kizazi hata kizazi, hata ikimuua mwenye nayo, ikiwa faida wanayoipata jamaa, ukiizidisha kwa sehemu ile ya undugu wao, nusu au robo au moja ya nane, ni kubwa kuliko hasara yake yeye. Nyuki alikufa, mzinga wa mama yake na dada zake ukabaki. Mwenye nguvu yuko wapi hapo? Mimi naona aliyejitoa.

Nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi mzaa mama, Pangani. Anakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, miguu kaikunja upande, mimi nimebanwa kati ya goti lake na sinia. Tui zito la kwanza lilikuwa la samaki. Tui la kasimu alitupikia uji wa muhogo sisi watoto, kwenye kisufuria kilichopinda mdomo. Na kifuu hakukitupa. Alikikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, nyuzi tatu nne za nazi, akatutia mdomoni mmoja mmoja kwa zamu, tumepanga mstari kama vifaranga. Mama yangu wakati huo ananyonyesha mdogo wangu. Nimekula kwa mkono wa bibi kuliko kwa mkono wa mama, wala sisemi kwa kumsengenya mama.

Kuna jambo la kushangaza kuhusu bibi, na hatushangai kwa sababu tumemzoea. Wanyama wengi, jike akiisha kuzaa na uhai unakaribia kwisha. Mwanamke wa binadamu anaacha kuzaa akiwa na miaka 50 hivi, halafu anaishi miaka 20 mingine, 30 mingine, ana nguvu zake. Ya nini?

Jibu moja lilitoka humu nchini, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Kristen Hawkes na wenzake wawili, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa nao wakapima nani anatafuta chakula kiasi gani. Wanaume waliwinda, lakini nyama siku nyingi haipo. Walioshinda juani wakichimba mizizi ardhini kwa kijiti kilichochongwa, saa nyingi kuliko wanawake vijana, ni akina bibi. Na mama akijifungua, yule mtoto aliyeachishwa ziwa, kunenepa kwake au kukonda kwake kulifuatana na kazi ya bibi yake.

Sokwe jike hukaa miaka 5 au 6 kati ya mtoto na mtoto, kwa sababu anamlea peke yake. Mama wa binadamu anazaa tena wa kwanza hajajiweza hata kuchuma tunda. Angewezaje peke yake? Asingeweza. Hajawahi kuweza. Sisi ni viumbe tuliolelewa na mikono mingi tangu zamani sana. Kwa hiyo nawaomba, kijana wa kiume ukimwona mkeo amechoka na mtoto mchanga ukasema "mama yangu alituweza saba peke yake", muulize mama yako kama kweli alikuwa peke yake. Atakuambia nani alikuwa anampokea mtoto. Siku hizi tunahamia Dar es Salaam, tunapanga chumba kimoja, mama kijana yupo na kichanga kutwa nzima na ukuta, halafu tunashangaa kwa nini analia. Analilia mikono ambayo mwili wake umeitarajia.

Jamani, hiyo ni damu kwa damu. Na asiye ndugu?

Nendeni soko la samaki Deep Sea alfajiri. Mtu akitia mkono kuvuta chombo, hata kama hajulikani, hakosi kitoweo. Keshokutwa wewe ndiye utakayehitaji mkono. Mwanabiolojia Robert Trivers aliieleza kanuni hii mwaka 1971: msaada kwa asiye ndugu unadumu pale watu wanapokutana tena na tena na kukumbukana. Amerika ya Kati wapo popo wanaonyonya damu ya wanyama. Aliyerudi na njaa mwenzake humtapikia kidogo, na anayejulikana kwa kutoa ndiye anayepewa. Nasi mchoyo wetu tunamjua. Anakula vya wenzake, siku yake anazima simu. Jina lake linapita barazani kabla hajaamka. Tunauita umbea na tunaukemea, na mwingine kweli unaangamiza watu, lakini ndio uliokuwa daftari la mji kabla ya madaftari. Kikoba kinasimama kwa sababu hiyo. Hakuna mahakama pale, kuna macho ya wanawake 20.

Nisiwadanganye nikawapa asali tupu. Kuna upande mwingine, nao ni wa kweli vilevile.

Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960. Kundi lile miaka ya 70 liligawanyika, wengine wakahamia kusini. Walikuwa wamekua pamoja, wamekaa wakichambuana manyoya. Kuanzia mwaka 1974, madume wa kaskazini walianza kuvuka mpaka kimyakimya, wakimvizia mmoja aliye peke yake, wanamkamata, wanampiga mpaka wanamwacha hajiwezi. Mmoja baada ya mwingine. Ilipofika mwaka 1978 kundi la kusini halikuwepo tena. Mama Goodall alikiri kwamba jambo lile lilimvunja moyo, maana alikuwa ameamini sokwe ni wema kuliko sisi.

Wetu na wao. Mnaijua harufu hiyo? Mpirani mnaijua. Kwenye uchaguzi mnaijua. Na mpaka wenyewe unaweza kuchorwa popote, hata kati ya watu waliokula sahani moja.

Lakini sikilizeni binadamu alivyoweza kufanya na jambo hilohilo. Kule Amani, juu ya Muheza, kuanzia mwaka 1928 alikaa mtaalamu wa ndege anaitwa Reginald Moreau. Kuna ndege mdogo wa misitu ya Usambara anayebeba jina lake kwa kisayansi mpaka leo. Alihesabu mayai kwenye viota, akaona ndege wetu wa huku wanataga machache kuliko wa Ulaya, akaandika juu ya hilo mwaka 1944. Sasa kilichonigusa mimi ni hiki: mwaka huohuo, mtu huyohuyo wa mayai, aliandika juu ya utani. Utani wetu! Aliona kwamba hapa pana kitu. Mtu wa kabila hili anamtukana wa kabila lile hadharani, anamnyang'anya kofia, na hakuna ngumi. Wazee wengi husimulia kwamba utani ulizaliwa baada ya vita: walipochoka kuuana wakaapa kutaniana.

Mkoa huu mnaujua. Mkonge ulileta manamba kutoka kila upande, Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, wakawekwa kambi moja na Wazigua na Wabondei. Wangeweza kuwindana kama wale wa Gombe. Baba yangu alipofariki, kaburi limechimbwa, jeneza limefika, mtani wake mmoja akashuka akalala mle ndani chali, kafumba macho, akasema hatoki mpaka alipwe, marehemu ana deni lake la matusi ya miaka 40. Watu wanalia, watu wanacheka. Kaka yangu akamtupia noti. Akainuka, akajipangusa mchanga, kisha yeye ndiye aliyeshika jembe kufukia, akafukia mpaka mwisho, na machozi yanamtoka. Yule mtu si wa ukoo wetu. Hana hata sehemu moja ya nane ya hesabu ya Hamilton. Nani alimfanya ndugu? Tulimfanya sisi.

Nafika kwenye jambo linaloniuma na sitakaa sana. Wapo waliochukua elimu hii wakaitumia kutugawa. Enzi ya Mjerumani mafuvu ya watu wa nchi hii yalifukuliwa makaburini, mengine ni ya watu walionyongwa, yakapakiwa masandukuni na kupelekwa Berlin yapimwe kwa rula, ili ithibitike mbari ipi juu na ipi chini. Vipimo vile havikuthibitisha kitu. Mwaka 1972 mtaalamu wa vinasaba Richard Lewontin alipiga hesabu akaona kwamba asilimia 85 hivi ya tofauti za kurithi za binadamu zimo ndani ya kila jamii, kati ya jirani na jirani. Na mwaka 2023 huko Berlin walitangaza kuwa wamelinganisha vinasaba vya baadhi ya mafuvu yale na vya watu walio hai, wakapata jamaa zao huko Kilimanjaro. Mafuvu yaliyochukuliwa kutenganisha watu, damu yao yenyewe imewaonyesha wajukuu wao. Yarudishwe, yazikwe.

Kijana mmoja wa kidato cha sita aliniandikia swali kabla ya leo: "Mwalimu, kama tumerithi haya yote, tunaweza kubadilika?" Swali zuri. Nikujibu kwa maziwa.

Mamalia akiachishwa ziwa, mwili wake huacha kutengeneza kile kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa. Ndiyo maana wengi humu mkinywa bilauri ya maziwa mabichi tumbo linanguruma. Lakini Mmasai wa Handeni au Kilindi anakunywa kibuyu kizima na anakwenda zake. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwemo Watanzania, walieleza mabadiliko ya kinasaba waliyoyakuta kwa wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan, tofauti na yale ya Wazungu, na yenye umri wa miaka isiyozidi 7,000 hivi. Angalia mpangilio wake, mwanangu. Kwanza watu waliamua kufuga ng'ombe na kukamua. Mwili ukafuata. Desturi ilitangulia damu.

Na chandarua unachotundika leo jioni kinafanya kazi hiyohiyo. Malaria ikiondoka pwani hii, ile nakala moja ya selimundu itakuwa haina tena cha kuokoa, na polepole, vizazi kwa vizazi, itapungua. Tunaamua sasa hivi wajukuu wa wajukuu zetu watarithi nini.

Wakati tukisubiri hayo, mnaotaka kuoana nendeni mkapime, wawili pamoja, kabla ya posa. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Wenye watoto wa selimundu, dawa ya haidroksiyurea ipo, inapunguza maumivu na kuongezwa damu. Ulizeni hospitali za rufaa, msikubali kurudishwa na panado. Yule mtoto aliyekuja mgongoni ana miaka 22 sasa. Anasoma ualimu, ameniambia atafundisha biolojia.

Dada yangu mwenyewe yumo humu, safu ya pili, kajifunga kanga ya kijani. Ameniruhusu kusema yote niliyoyasema. Mwenye swali la selimundu amfuate yeye, amekesha nayo usiku mwingi kuliko daktari yeyote ninayemjua. Na wewe baba yangu wa mlangoni, usiondoke. Chai inaletwa, njoo tukae hapa mbele, uniulize tena.